Naomba ushauri: mita inasoma umeme mwilini, na masikio yanalia

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi redio, si daktari, hivyo mnivumilie.

Usiku nasikia mlio mwembamba, mkali, kama mluzi usiokata pumzi. Mke wangu hausikii. Nikadhani ni chaja ya simu, maana za bei chee hulia kweli. Nikachomoa kila kitu, nikazima hadi meni swichi. Mlio upo palepale.

Siku nyingine nikachukua maltimita, nikaiweka kwenye volti za AC, ncha moja nikaishika, nyingine kwenye waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini. Inasoma volti kadhaa! Hili nalielewa kiasi: mwili hunasa umeme wa nyaya za ukutani, ule wa hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde), na mita ya dijitali huonyesha hata umeme usioweza kuwasha taa. Nikisogea mbali na nyaya, namba inashuka. Umeme wa moyo wenyewe, unaopimwa kwa ECG, ni kama milivolti 1 tu juu ya ngozi. Tena hezi 50 ni mngurumo mzito, si mluzi. Sioni uhusiano, ingawa jirani anashikilia kwamba nina "umeme mwingi" na nitembee pekupeku.

Ninachoshuku zaidi ni spika ninazojaribu kutwa nzima. Kwinini nayo huleta mlio masikioni, lakini sijaitumia.

Aliyepitia hili, ulianza kwa daktari wa masikio, pua na koo moja kwa moja? Walikupima nini? Na usiku unalalaje?