Debian 10 imegoma kusasisha, ripoti ya usalama inalalamikia Debian 12: nianzie wapi?

kijana_wa_seva

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimerithi seva mbili za Linux, usambazaji wa Debian, kutoka kwa mtu aliyeacha kazi. Ya kwanza ni Debian 10, inabeba hifadhidata ya kumbukumbu za ofisi kwenye PostgreSQL 11. Ya pili ni Debian 12, inaendesha tovuti. Zote zilikuwa zinafanya kazi bila kelele mpaka wiki iliyopita, tulipokaguliwa usalama.

Ripoti imejaa wino mwekundu kwenye ile ya pili. Inasema OpenSSH 9.2, programu ya kuingilia seva kwa mbali, ni ya zamani, ina tundu la usalama lenye namba CVE-2024-6387, na tunatakiwa tuwe na 9.8 au zaidi. Nimekimbiza amri za kusasisha, `apt update` na `apt upgrade`, naambiwa hakuna kipya. Nikiangalia toleo naona hivi:

`1:9.2p1-2+deb12u7`

Ile ya kwanza ripoti imeipa mstari mmoja tu, karibu na mwisho: "mfumo umepita muda wake". Lakini huko ndiko `apt update` inakataa kabisa, inasema hazina ya vifurushi ya buster (jina la Debian 10) haina faili la Release.

Bosi sasa anataka tuhame Debian, twende kwenye usambazaji unaotoa toleo jipya kila miezi sita, "ili tusiwe nyuma". Mimi nimejifunzia Linux humohumo kwenye Debian na sitaki kuhama kwa hofu. Lakini nashindwa kumjibu. Kwa nini Debian inabaki na namba za zamani? Muda wa kuhudumiwa unahesabiwaje? Na hii ya 10 naipandisha vipi bila kupoteza data?

mzee_kiraka

Marahaba, mwanangu. Vuta pumzi kwanza. Ripoti yako imepiga kelele kwenye seva iliyo salama, na ikanong'ona kwenye ile iliyo hatarini. Nimeona jambo hili mara nyingi na kila mara linaniuma, kwa sababu watu wanatumia usiku wao kutibu mgonjwa asiyeumwa.

Tuanze na hiyo namba uliyobandika. Isome kutoka kulia. `deb12u7` maana yake ni kwamba kifurushi hicho kimeshatiwa viraka mara saba ndani ya Debian 12. Sehemu ya `9.2p1` ndiyo msingi uliogandishwa toleo lilipotoka tarehe 10 Juni 2023, na haitabadilika mpaka Debian 12 izikwe. Tundu la CVE-2024-6387 lilipotangazwa tarehe 1 Julai 2024, timu ya usalama ya Debian haikuleta 9.8. Ilichukua marekebisho yaleyale, ikayashona kwenye 9.2, ikatoa `deb12u3`. Wewe uko kwenye u7, umelipita siku nyingi. Andika `apt changelog openssh-server` uone orodha ya mabadiliko ya kifurushi, tafuta namba ya tundu, mstari utauona kwa macho yako. Unakili, umpelekee mkaguzi. Kipimaji chake kinalinganisha namba za mbele tu na hakijui kusoma mkia.

Kwa nini wanajisumbua kushona viraka badala ya kuleta jipya? Kwa sababu jipya huja na mengine usiyoyaomba: chaguo la usanidi limefutwa, algoriti fulani imezimwa, faili limehamishwa. Neno "stable", jina la tawi la toleo lililokwisha kutoka, watu hulisoma kama "haivunjiki". Mimi nalisoma kama "haibadiliki chini ya miguu yako". Ukiandika skripti leo kwa PHP 8.2 ya Debian 12, itaikuta PHP 8.2 hiyohiyo siku ya mwisho ya toleo hilo.

Sasa safari yenyewe. Kifurushi kipya huingia kwanza tawi la unstable, ambalo jina lake la kudumu ni sid. Hapo kinakaa siku chache, kwa kawaida 5, au 2 kikiwa na jambo la haraka. Kisipoletewa dosari nzito, kikajengeka kwenye aina zote za mashine, na kisipovunja vifurushi vya jirani, kinahamia testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo. Halafu huja kipindi cha kugandisha. Kwa Debian 13 kilianza Machi 2025: kwanza wakazuia mabadiliko makubwa ya maktaba za programu, kisha vifurushi vipya, kisha karibu kila kitu isipokuwa marekebisho ya dosari. Toleo likatoka tarehe 9 Agosti 2025. Miezi karibu mitano ya kuziba matundu bila kuongeza chumba. Huko ndiko utulivu unakopikwa.

Haikuwa hivi zamani. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, na 3.1 tukaisubiri hadi Juni 2005. Karibu miaka mitatu. Nilikuwa na mashine ya barua pepe kwenye 3.0, na programu mpya zikawa zinaikataa moja baada ya nyingine. Nikachoka kusubiri, nikachanganya vifurushi vya testing ndani ya stable. Kimoja kikavuta maktaba mpya ya C, maktaba ikavuta nusu ya mfumo, na kufika alfajiri hata `apt` yenyewe haikuwaka. Barua za watu zilikaa siku mbili bila kufika. Tangu siku hiyo sijachanganya matawi kwenye seva ya mtu.

Mradi nao ulijifunza. Mwaka 2009 ulitangaza kwamba kugandisha kutafuata kalenda, kila miaka miwili. Zingatia: kinachopangiwa tarehe mapema ni kugandisha. Siku ya kutoka inategemea dosari nzito zimepungua kiasi gani. Hata hivyo mwendo umetulia. Tangu hiyo ya 2005, kila toleo limetoka mwaka wa namba witiri: 2007, 2009, 2011, hadi 2025. Unaweza kupanga bajeti ya ofisi kwa mpangilio huo.

Kila toleo hupata miaka 3 ya huduma kamili, kisha miaka 2 ya huduma ya muda mrefu, LTS, ambayo hushughulikiwa na kikundi kingine na kwa aina chache za mashine. Kwa hiyo Debian 12 yako ina LTS hadi tarehe 30 Juni 2028. Debian 11, hadi tarehe 31 Agosti 2026. Debian 10 yako ilikwisha tarehe 30 Juni 2024. Viraka vya Debian yenyewe vilikoma siku hiyo, kisha vifurushi vyake vikahamishiwa archive.debian.org. Ndiyo maana `apt` haioni kitu.

Hiyo ndiyo seva ya kukunyima usingizi.

tausi_bit

Mzee amemaliza upande wa usalama. Mimi niongeze la bosi, kwa sababu nililipitia mwenyewe.

Ukisikia "kila miezi sita", uliza pia "na kila moja inahudumiwa kwa muda gani?" Ubuntu, usambazaji mwingine wa Linux, hutoa toleo Aprili na Oktoba tangu 2004, lakini yale ya kati huhudumiwa miezi 9 tu. Ukilala miezi mitatu baada ya jipya kutoka, umeshabaki nje. Yale ya LTS, ya kila miaka miwili, ndiyo yenye miaka 5, na hapo umerudi palepale ilipo Debian. Fedora nayo ni kama miezi 13 kwa toleo. Ni mifumo mizuri, kompyuta yangu ya mkononi ina Fedora na naipenda. Ila seva iliyopitwa na 2024 bila mtu kuigusa haitaponywa na usambazaji unaodai uiguse mara mbili kwa mwaka.

Na kama shida ni programu moja tu inayohitaji toleo jipya, tazama backports. Ni vifurushi vya testing vilivyojengwa upya kwa ajili ya stable, na havijiingizi mpaka uviombe kwa jina.

mzee_kiraka

Asante, Tausi. Sasa kupandisha.

Usiruke toleo. Ni 10 kwenda 11, kisha 11 kwenda 12. Hakuna njia ya mkato, kwa sababu skripti za vifurushi zimejaribiwa kwa hatua moja moja.

Kabla ya yote, toa nakala ya hifadhidata zote kwa `pg_dumpall`, na faili hilo likae kwenye mashine nyingine. Kisha lijaribu kwa kulirejesha mahali. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu.

Kwenye orodha ya hazina, `/etc/apt/sources.list`, elekeza mistari ya buster kwenye archive.debian.org, sasisha hadi mwisho wake, angalia `apt-mark showhold` kama kuna kilichofungwa. Kama aliyetangulia aliongeza hazina za nje, zizime. Ukibadilisha buster kuwa bullseye, jina la Debian 11, mstari wa usalama hauandikwi tena `buster/updates`, unaandikwa `bullseye-security`. Ukibadilisha jina tu na kuacha mkia wa zamani, `apt` italalamika, na wapo wanaoufuta mstari mzima ili iache kulalamika. Wanabaki bila viraka na hawajui.

Anza na `apt upgrade --without-new-pkgs`, ndipo `apt full-upgrade`, kisha washa upya. Isikilize siku kadhaa kabla ya kwenda 12. Ukifika 12, jua kwamba programu dhibiti za vifaa (firmware) zisizo huru zimepewa sehemu yake, `non-free-firmware`. Usipoiongeza, kadi ya mtandao inayozitegemea haitapata masasisho yake.

Ukitaka kuendelea hadi 13 baadaye, andika `dpkg --print-architecture`. Ikijibu i386, ishia 12. Debian 13 haina tena keneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha mashine hizo za biti 32.

kijana_wa_seva

Mzee, Mungu akubariki. Mkaguzi ameondoa mstari wa OpenSSH baada ya kuona changelog. Bosi ameniachia wikendi mbili.

Jana nimefika 11. Kila kitu kimewaka, hazina moja ya nje ya PHP niliikuta nikaizima. Lakini nimeshtuka kidogo. Nimeandika `pg_lsclusters` naona klasta mbili, yaani seti mbili za hifadhidata za PostgreSQL:

`11 main 5432 online`
`13 main 5433 online`

Programu ya kumbukumbu inafanya kazi. Hii ya 13 imetoka wapi? Na postgresql-11 naona bado ipo, niiondoe?

mzee_kiraka

Usiiondoe! Data yako yote bado iko kwenye 11. Kupandisha Debian hakuhamishi data ya PostgreSQL, kunaweka toleo jipya pembeni, na hiyo 13 kwenye poti 5433 ni tupu. Ukiondoa programu ya 11 sasa, mafaili yatabaki kwenye `/var/lib/postgresql/11` lakini hutakuwa na cha kuyasomea.

Ingia kwanza kwenye 13 kwa `psql -p 5433`, andika `\l`, uone kweli haina hifadhidata yako. Nasisitiza kwa sababu amri inayofuata inafuta, na mimi niliwahi kuandika namba isiyo yake. Nakala ya usiku uliotangulia ndiyo iliyoniokoa, na kazi ya mchana mzima ya watu ilipotea.

Ukishaona, simamisha programu ya kumbukumbu, kisha:

`pg_dropcluster --stop 13 main`
`pg_upgradecluster 11 main`

Ikimaliza, 13 itakuwa kwenye 5432 ikiwa na data yako, na 11 itasogezwa 5433 ikiwa imezimwa. Iache hapo wiki nzima. Ukifika Debian 12 utarudia zoezi hilihili, kutoka 13 kwenda 15.

kijana_wa_seva

Imemaliza baada ya dakika ishirini na mbili. 13 iko 5432, nimehesabu rekodi za jedwali kubwa kabla na baada, namba zimelingana mpaka tarakimu ya mwisho. Ya 11 nimeiacha imezimwa.

Nimebandika karatasi ubavuni mwa kila seva: jina la toleo, na tarehe ya mwisho wa LTS. Ya hii imeandikwa 31 Agosti 2026 kwa penseli, maana wikendi ijayo nitaifuta niandike 30 Juni 2028.