MiG-21MF kuwa F-7 ya JWTZ: niichonge niliyo nayo au nitafute F-13?

Mgosi wa Makorora
Salaam wakuu. Shemeji yangu baharia kaniletea boksi la modeli ya plastiki ya kuunganisha, ndege ya kivita ya Kirusi MiG-21MF, kipimo cha 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli). Mimi moyo uko kwa F-7A, MiG-21 iliyoundwa na Mchina, zile za kwetu. Nilidhani ni suala la rangi na alama tu, mpaka nilipoweka picha kando ya boksi: pua si hiyo, mgongo si huo. Naona njia tatu. Niichonge hii hii mpaka ikubali, au niagize MiG-21F-13, toleo la mwanzo, ya kampuni ya Revell ya 1/72 niirekebishe kidogo, au nihamie 1/48 ambako kampuni ya Trumpeter wanayo J-7 tayari (F-7 ni jina la J-7 ikiuzwa nje). Mfuko hauna afya. Mnashaurije?

Fundi Puti
Mgosi, hiyo ya kwanza achana nayo. MF na F-7A ni ukoo mmoja lakini si mapacha. Mchina alipokea kwa Mrusi michoro ya F-13 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakakorofishana kazi haijaisha, akamalizia mwenyewe. J-7 ya kwanza ikaruka Januari 1966. MF ni mjukuu aliyekuja baadaye. Kuanzia toleo la PF, Warusi walipanua mdomo wa pua ili rada kubwa ikae ndani ya koni, kisha matoleo yaliyofuata yakanenepa mgongo na pezi la mkia likapanuka. Wewe unataka kurudi nyuma, yaani kila mahali ni kupunguza, na plastiki ukishaikata haiombwi radhi.

Halafu kioo cha rubani. F-7A kinafunguka kwa kuinukia mbele, kioo cha mbele na kifuniko ni kitu kimoja. Kwenye MF kioo cha mbele kimebaki mahali pake na kifuniko kinalalia kulia. Ule mshale mrefu wa kupima mwendo, kwa F-13 na F-7A uko chini ya pua. Kwa MF umepanda juu, umeegemea kulia. Tumboni MF ina mzinga wa GSh-23, uuzibe. Chini ya mabawa ina vining'inizio vinne, wewe unataka viwili. Ukimaliza yote hayo kilichosalia cha boksi lako ni mabawa, nayo kwa 1/72 hayafiki sentimita 10 ncha kwa ncha.

Bi Raskazone
Fundi Puti anatisha watu. Mimi nimeifanya, MF mpaka J-7, ipo kabatini. Ila nakiri ilinichukua kuanzia Ramadhani moja mpaka iliyofuata, na pua niliirudia mara tatu.

Kioo usikiogope. Chonga umbo lake kwa mti laini, piga msasa mpaka liteleze, litumbukize ndani ya chupa ya maji iliyokatwa, kisha pasha taratibu juu ya jiko la mkaa. Plastiki ya chupa inajikunja yenyewe na kulikumbatia umbo. Kata kwa wembe. Kubandika tumia gundi nyeupe ya mbao, siyo supa gluu: hapa Tanga hewa imejaa unyevu, supa gluu inakauka ukiwa bado umeshika kipande, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo. Niliharibu viwili hivyo.

Mzee wa Pongwe
Hamjambo vijana. Kwa nini asiiache ilivyo? Amin naye alikuwa na MiG-21. Apake rangi za Uganda, kazi kwisha.

Mgosi wa Makorora
Shikamoo mzee. Baba mdogo alikuwa Kagera 1979. Nikiweka ndege ya Amin sebuleni atarudi nayo Chumbageni ikiwa vipande.

Mzee wa Pongwe
Marahaba. Basi nimefuta kauli.

Kijana wa Tangamano
1/48 je? Mabawa karibu sentimita 15, kila kitu kinaonekana, na huna cha kukata.

Fundi Puti
Sawa, kama una pesa na kabati. Bei, usafiri, ushuru, halafu inakaa peke yake kama mgeni kwa sababu nyingine zote alizonazo ni 1/72. Ndiyo njia safi kuliko zote, ila kwa mfuko aliousema si njia yake.

Mgosi wa Makorora
Tuseme nimechukua F-13. Kazi iliyobaki ni ipi hasa?

Fundi Puti
Kubwa ni mzinga wa pili. F-13 ina mmoja wa milimita 30, upande wa kulia. F-7A imetokana na J-7I, toleo mojawapo la J-7, nayo ina miwili. Kwa hiyo unaunda wa kushoto ufanane na wa kulia: pasha kipande cha fremu ya plastiki, ile inayoshikilia vipande vya modeli, juu ya mshumaa, kivute, kibandike, kisha jaza kwa puti ya gereji, ile ile ya kunyooshea magari. Weka kidogo kidogo. Mtutu toa kwenye sindano ya duka la dawa, na huo mshale wa pua pia, maana wa plastiki utavunjika siku ya kwanza utakapofuta vumbi.

Bi Raskazone
Na alama uziprinti kwenye karatasi ya alama yenye mgongo mweupe. Ile inayoonyesha ndani inameza njano yote. Picha chukua za gwaride la Uhuru zilizokwisha kuchapishwa. Usiende kusimama nje ya kambi na simu.

Mgosi wa Makorora
Naagiza F-13, shemeji anasafiri tena mwezi ujao. Wakati nasubiri, hii MF nitaifanyia mazoezi ya kioo cha chupa. Bi Raskazone, ni chupa ya maji ya nusu lita au ile kubwa?

Bi Raskazone
Nusu lita. Ile kubwa ina mistari.