Wakisimamisha basi na kumshusha abiria kwa pingu, kondakta afanye nini?

Konda wa Njia ya Tanga
Wakuu, naombeni ushauri. Mwaka wa tisa sasa ni kondakta wa basi la mkoani, Dar–Tanga.

Septemba 6, 2024, mzee Ali Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi pale Tegeta akielekea Tanga. Watu wenye silaha walimfunga pingu wakaondoka naye. Kesho yake mwili ukaokotwa Ununio, kapigwa, uso umemwagiwa tindikali. Rais aliagiza uchunguzi. Basi halikuwa letu, lakini nikipita Tegeta mkono wangu unaganda kwenye bomba la mlangoni. Alikuwa na tiketi kama hawa ninaowakagua kila siku. Ingekuwa basi langu, mkewe akipiga simu kuuliza kama tumefika, ningemjibu nini?

Gari likitukinga mbele, wakapanda wasio na sare wakasema "tunamhitaji huyu", nifanye nini? Dereva wangu anasema tunyamaze, tuna watoto. Simlaumu.

Mwanasheria wa Temeke
Pole mkuu. Askari anayekamata lazima ajitambulishe na aseme kosa, na mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Uliza jina lake, kosa, na kituo wanachompeleka. Uliza kwa sauti, abiria wote wasikie. Usishikane na mwenye bunduki.

Wakishuka, andika namba za gari, saa na mahali. Namba ya simu ya abiria mnayo mlipomkatia tiketi, itafuteni familia hapo hapo. Halafu kituo cha karibu, mtoe taarifa na mdai RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Nasisitiza haya kwa sababu ya Deusdedith Soka, kiongozi wa vijana wa CHADEMA Temeke, na wenzake wawili, waliochukuliwa Agosti 18, 2024. Mawakili walikwenda Mahakama Kuu kuomba waletwe, maombi yakatupwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba polisi ndio wanawashikilia. Aliyeona akinyamaza, wakili anaingia mahakamani mikono mitupu.

Mama Lishe Mbezi
Mwanangu, piga kelele. Abdul Nondo wa ACT Wazalendo alikamatwa alfajiri ya Desemba 1, 2024, hapa stendi ya Magufuli. Watu waliona, na habari zikasambaa asubuhi ile ile. Usiku akaachwa Coco Beach, kaumizwa, lakini anapumua. Siwezi kuapa kwamba kelele ndizo zilizomwokoa. Ila mimi nitapiga.

Muuza Vitenge Kariakoo
Kelele zina bei yake, Mama. Septemba 23, 2024 tuliitwa kuandamana kudai waliopotea. Polisi walipiga marufuku, Mbowe na Lissu, viongozi wa CHADEMA, wakakamatwa, askari wakatanda kila kona. Nilifunga duka nikakaa ndani. Hadi leo inaniuma.

Dada wa Mbagala
Konda, nisikilize mimi. Mdogo wangu alikuwa kiongozi wa vijana wa chama cha upinzani kwenye kata yetu. Walimchukua usiku kwenye banda la chipsi. Nilipofika, mafuta yalikuwa bado yanachemka na ndala yake ya kushoto iko chini ya benchi. Watu kama kumi na watano walikuwepo, kila mmoja akaniambia hakuona kitu. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyenifuata kichochoroni akafungua kiganja. Aliandika namba ya gari kwa kalamu, jasho limeanza kuifuta.

Kituo cha kwanza walinirudisha, cha pili vile vile. Cha tatu nikawatajia namba, yule wa kaunta akaacha kuandika akanitazama. Usiku kucha nilikuwa namfikiria Ben Saanane wa CHADEMA, hajaonekana tangu Novemba 2016. Wa kwangu alirudi siku ya nne, hawezi kukaa kwenye kiti. Sijui nani alimwachia wala kwa nini. Ila ile namba ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi, na alinipa mtu asiyenifahamu. Naomba uwe huyo kijana kwa dada wa mtu mwingine.

Konda wa Njia ya Tanga
Dada, nimekusoma mara mbili. Nimenunua daftari dogo, nimefunga kalamu kwa uzi. Leo dereva kaniuliza la nini, nikamsomea ulichoandika. Alinyamaza kutoka Tegeta mpaka Bunju. Halafu akasema, "Namba nitazisoma mimi kwenye kioo. Wewe uandike."