Banda la kuku kabla baridi ya Julai haijafika: mawe au mbao?

Mgeni_Shambani: Wakuu, nataka kujenga banda nyuma ya nyumba. Fundi mmoja ananisukumia mawe ya kuchonga ya machimbo ya Ndarugo, mwingine anasema mbao na mabati yanatosha. Lipi lina joto? Nanunua vifaa Jumamosi.

Mama_Mayai: Kuku wangapi? Wa umri gani? Wa mayai au kienyeji? Na uko wapi, maana baridi ya Limuru si ya Ruai.

Jembe_Halisi: Mawe, basi. Panya hatoboi, nguchiro hapenyi, mchwa hali.

Kinoo_Kienyeji: Mawe yakishapoa usiku wa Julai, saa nne asubuhi bado yanakugandisha mkono. Mimi nimetumia mbao za maganda, yale mabaki ya pembeni mwa gogo: ukuta wa futi tatu, juu wavu, upande wa upepo nateremsha magunia jioni. Sijajuta.

Jembe_Halisi: Subiri mvua mbili tatu uone hayo maganda.

Mama_Mayai: Nyote mnabishania ukuta. Adui ni unyevu. Mwaka jana nilimwambia fundi nataka banda lenye joto, naye akaziba kila tundu kwa nailoni, hata ule mwanya wa juu chini ya bati. Mwanzoni nilifurahi, ukiingia unahisi joto kweli. Baadaye nikawa nakuta maji yanadondoka kutoka kwenye bati, maranda yameshikana kama ukoko wa ugali, na amonia inachoma macho hata kabla mlango haujafunguka wote. Kuku wakaanza kukoroma na kutoa kamasi. Daktari wa mifugo alipokuja hakushika kuku kwanza, alichukua kisu akachana nailoni ya juu pande zote mbili. Mayai yalishuka vibaya. Nilipompigia fundi akanijibu, "Mama, si ulitaka joto?"

Diaspora_Njiwa: Kweli kabisa. Binamu yangu anafuga Minnesota, kwenye theluji, na banda lake halina hita. Anaacha hewa ipite juu ya vichwa vya kuku, chini anajaza maranda mengi makavu. Kuku mkubwa ana joto la mwili kama nyuzi 41, manyoya yanamtosha. Fito za kulalia ziwe pana, ili akikalia afunike vidole vyake. Huko unyevu ukizidi, vilemba vinaganda mpaka ncha zinakuwa nyeusi.

Kinoo_Kienyeji: Sasa Minnesota imeingiaje Nairobi? Hapa ikifika nyuzi 10 tunavaa kofia mbili.

Mgeni_Shambani: Samahani, nilikuwa kazini. Ni vifaranga 40 wa siku moja. Niko Kikuyu.

Mama_Mayai: Ungesema hivyo mapema! Kifaranga hana manyoya. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Ukuta achana nao kwanza, tafuta chanzo cha joto.

Jembe_Halisi: Jiko la makaa ndani ya duara la hadibodi.

Diaspora_Njiwa: Na hewa ya sumu je? Jiko bila mwanya litawamaliza usiku mmoja. Taa.

Jembe_Halisi: Taa na stima ya Kikuyu? Hahaha.

Kinoo_Kienyeji: Wakikua utakuwa na majogoo pia. Jirani wangu alinipeleka kwa chifu kwa sababu ya kuwika saa kumi alfajiri.

Mama_Mayai: Mpelekee samadi ya sukuma, atanyamaza.

Mgeni_Shambani: Kwa hivyo Jumamosi ninunue mawe ama mbao?

Jembe_Halisi: Mawe.

Kinoo_Kienyeji: Mbao. Halafu kuna mtu anajua maranda yasiyo na dawa yanapatikana wapi huku Kinoo?