Tupeane uzoefu: mnaosikiliza redio za ndege hapa Uganda, mlianzaje?

Mwana_Kigungu:
Wadau, nimekulia Kigungu. Ndege zinazotua Entebbe kutokea ziwani zinapita chini mno, magurudumu unayahesabu. Kwa miaka mingi zilikuwa ngurumo tu. Mwaka jana binamu yangu akaniachia skana ndogo ya mkononi, redio ya kunasa mawasiliano ya ndege. Nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nazungusha masafa, kimya, kimya, halafu sauti ya mwanamke, taratibu: "Crested" na namba. Crested ndiye nani? Baada ya siku mbili ndipo nikang'amua: ndilo jina la Uganda Airlines hewani, kutokana na "crested crane", yule korongo wetu wa kwenye bendera! Nilijisikia kama nimeitwa kwa jina la nyumbani.

Siku hizi naijua ndege kabla sijaiona. Mnara wa kuongozea ndege ukitaja njia ya kutua moja-saba, inashuka kutokea kaskazini, siiwahi. Ukitaja tatu-tano natoka mbio, inakuja na ziwa. Hizo ni nyuzi za dira, 170 na 350, sifuri imeachwa. Nyinyi je?

Fundi_Mukono:
Mwezi mzima nilihangaika na redio ya kawaida. FM inaishia 108, ndege ziko 118 hadi 137 megahezi, tena kwa AM. Nikanunua kile kidude cha USB cha kunasia televisheni, nikakata waya wa sentimita 60, robo ya wimbi, nikausimamisha juu ya bati. Marubani nawasikia safi kwa kuwa wako juu, mnara sisikii kitu, maana mawimbi haya hunyooka na vilima vyetu vinayakata. Kwa hiyo nasikia majibu bila maswali. Nimezoea kukisia swali, na napenda hivyo.

Binti_Soroti:
Kwetu Soroti ni wanafunzi wa chuo cha urubani, kipo tangu 1971. Kijana mmoja kila akirudia maelekezo ya mnara alikuwa anakwama kwenye tisa. Kwa Kiingereza chao hutamka "naina" badala ya "nain", isije ikasikika kama "faivu", tano. Asubuhi moja akaitoa bila kusita, na mama, aliyekuwa anachambua majani ya kunde, akaitikia "Ehee!" Sura ya kijana huyo hatuijui hadi leo.

Okello_B:
Ukiwa na redio ya kurusha pia, unaweza kuwasalimia?

Fundi_Mukono:
Hapana, ndugu yangu, usiguse kabisa! Wawili wakibonyeza kuongea kwa pamoja unatoka mluzi, na maelekezo ya mnara yanapotea. Sikiliza tu.

Baba_Wawili:
Mimi ni usiku wa mvua kubwa. Shangazi alikuwa anarudi kutoka Nairobi, nami niko maegesho, skana sikioni. Nikasikia rubani anasema hatui, anapaa tena. Kama dakika ishirini hivi wakazunguka juu ya ziwa. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, lakini sauti ya yule rubani haikupanda hata kidogo, anasoma urefu na mwelekeo kama anayehesabu mayai. Mara ya pili wakatua. Shangazi akatoka na mkoba wake, akauliza kama watoto wamekula. Sijamwambia mpaka leo.