Telč au Třeboň: siku nne za mashambani Ucheki, niende wapi?

MpitaNjia
Wakuu, salaam. Mwezi wa kumi nitakuwa Praha kwa semina ya kazi, na nimeomba siku nne za likizo kabla ya kurudi Dar. Viza ya Schengen ninayo. Hamu ya jiji kubwa sina. Nataka mji mdogo ambao nikitembea nusu saa niko shambani, nione watu wanavyoishi. Nimebakiwa na majina mawili: Telč na Třeboň. Gari sikodi, ni treni na miguu tu. Mliofika huko, nisaidieni kuchagua.

BintiMakunduchi
Kaka, nenda Telč. Nilisoma Brno, jiji la huko huko Ucheki, miaka mitatu, na Telč nilirudi mara nne. Mji uliungua mwaka 1530, kisha bwana wa pale, Zachariáš wa Hradec, akaujenga upya kwa mtindo wa Kitaliano. Uwanja wa katikati ni mrefu, nyumba zake zimepangana bega kwa bega, kila moja na rangi yake, na chini zina matao. Mvua ikinyesha unapita bila kulowa. Mabwawa yameuzunguka mji karibu pande zote. Uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1992, kwa hiyo mchana mabasi ya watalii yapo. Lala pale pale. Yakishaondoka jioni, uwanja unabaki kwa wenyeji na mbwa wao.

Siku moja panda kile kitreni cha kwenda Slavonice, karibu na mpaka wa Austria. Kuta za nyumba zina picha za karne ya 16 zilizochorwa kwenye lipu: fundi alipaka tabaka jeusi, juu yake jeupe, kisha akakwangua lile jeupe lingali bichi mpaka weusi wa chini ukatokea. Sogea karibu kabisa na ukuta, utaona mkwaruzo wa chuma chake.

Juya_la_Pangani
Dada, Telč ni nzuri, sibishi. Lakini ndugu yetu anakwenda mwezi wa kumi, na mwezi huo ni wa Třeboň. Ndiyo msimu wa kuvua mabwawa!

Mkuu, nimekulia kwenye uvuvi, na sijaona kitu kama kile. Mabwawa yote yamechimbwa na watu. Kubwa kuliko yote, Rožmberk, ni karibu hekta 500. Jakub Krčín, fundi wa mabwawa, alilimaliza mwaka 1590, na mwaka 2002 mafuriko yalipokuja lilizuia maji mengi yasiteremke kwenye vijiji vya chini. Vuli ikifika wanafungua maji siku kadhaa, bwawa linabaki dimbwi. Alfajiri, baridi kali, wavuvi wamevaa suruali za mpira hadi kifuani, wanakokota wavu polepole wakikusanya kapr, samaki mnene wa magamba makubwa. Maji yanachemka kwa mikia. Wanawachota, wanawachagua kwa ukubwa juu ya meza, wanawapakia kwenye matangi wakiwa hai. Wanakijiji wamesimama kwenye tuta wanatazama, na pembeni samaki wanakaangwa. Wengi wa samaki hao wanahifadhiwa hai hadi Krismasi, maana ndiyo chakula cha mkesha. Magamba mengine huwekwa kwenye pochi ili pesa isikauke.

Mabwawa huvuliwa kwa zamu, hivyo ulizia tarehe ofisi ya utalii kabla ya kulipia chumba.

MamaZuhura
Mimi nipo Vienna, huwa napita upande huo. Kama ni kijiji hasa unachotaka, ongeza Holašovice, karibu na České Budějovice. Nyumba za wakulima zimezunguka kiwanja cha majani chenye kibwawa na kanisa dogo, na kila moja imeelekeza uso wake kiwanjani, uso uliopambwa kama keki ya harusi. Wakazi wengi walikuwa Wajerumani, wakafukuzwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na nyumba nyingi zikabaki tupu. Kwa kuwa hakukuwa na wa kubomoa na kujenga upya, kijiji kimebaki kama kilivyokuwa. Nilikaa kwenye benchi pale nikiwaza waliofunga milango hiyo mara ya mwisho. Nenda siku ya kazi, wikendi mabasi ni machache.

AbdulMuscat
Assalaam alaykum. Chakula je, kwa sisi tusiokula nguruwe?

BintiMakunduchi
Waalaykumu salaam. Nguruwe yupo kila mahali, mpaka kwenye supu. Mimi nilikula samaki (kapr, au pstruh, yaani trauti) na jibini ya kukaanga, smažený sýr. Jifunze neno sádlo, ni mafuta ya nguruwe, na uliza kabla hawajakaanga. Ukiingia dukani au mkahawani anza na "Dobrý den". Ukiingia kimya wanaona huna adabu, kama kwetu tu.

Juya_la_Pangani
Jambo la treni: kwenye ratiba, kituo chenye alama ya x hakisimami mpaka uombe. Bonyeza kitufe mapema. Mimi sikubonyeza, nikapitishwa, nikarudi kilomita tano kwa miguu. Lakini sikupotea, kwa sababu njia za miguu zina alama kwenye miti: mstari wa rangi katikati ya miwili myeupe. Chama chao cha watembeaji kinazichora tangu 1889.

MpitaNjia
Asanteni sana, mmenimalizia. Usiku tatu Třeboň, siku moja Holašovice. Telč nitakuja na mke wangu, inshallah. Nibadilishe treni wapi?

Juya_la_Pangani
Veselí nad Lužnicí. Kisha usishuke kituo kikuu cha Třeboň, shuka Třeboň lázně, ni karibu zaidi na mji. Asubuhi ya kwanza zunguka bwawa lililo mlangoni mwa mji, kama kilomita 12. Linaitwa Svět, maana yake Dunia. Vaa buti, ukingo una tope.