Malimbuko yaliyoahidiwa mkeshani: ukishindwa kutoa, Mungu naye anajitoa?

Mwanajimbo: Wakuu, naomba tujadili bila kutukanana madhehebu. Tuchukulie mtu yuko mkeshani Desemba 31, anapita mbele na kutamka: "Bwana, ukinipa kazi mwaka huu, mshahara wa kwanza wote ni wako." Mwezi wa nne kazi inapatikana. Mshahara unaingia, mwenye nyumba anadai, mke anasema haitoki hata mia. Swali langu si la hela. Tunasema kati yetu na Mungu kuna agano, anatupenda nasi tunampenda. Upande mmoja ukivunja ahadi, ule mwingine bado umefungwa?

Moto wa Madhabahu: Mhubiri 5:5, ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Hakulazimishwa. Yakobo naye pale Betheli, Mwanzo 28, alitaja masharti moja moja: ulinzi njiani, chakula, nguo, kurudi kwa amani. Kisha akaahidi fungu la kumi. Mungu alitimiza yote, na sura ya 35 akamwambia panda Betheli ukajenge madhabahu. Mungu hasahau. Na huyo mke asiingilie, nadhiri si yake.

KitiChaNyuma: Ndugu Moto, umeanzia Mwanzo 28 ukairuka 15. Abramu alipasua ndama, mbuzi na kondoo, wote wa miaka mitatu; ndege hakuwapasua. Waliofanya agano walipita katikati ya vile vipande, kama asemavyo Yeremia 34:18, maana yake nikivunja nami nipasuliwe hivi. Sasa soma nani alipita. Abramu alikuwa kwenye usingizi mzito, kilichopita ni tanuru la moshi na mwenge wa moto. Mungu kapita peke yake. Kwa hiyo Mwanajimbo, jibu lako ni ndiyo, amejifunga hata sisi tukianguka. 2 Timotheo 2:13, tusipoamini, yeye hudumu wa kuaminiwa.

Mama Efa: Mnapasua ndama huku mtu kaandika "mke asiingilie" na wanaume wote mmepita kimya. Huo mshahara unalipa kodi ya nani? Ada ya nani? Mathayo 15:5, Yesu aliwakemea waliokuwa wakiwaambia wazazi wao, kile ambacho ningekusaidia nacho nimekitoa kwa Mungu. Aliita kulitangua neno la Mungu. Sadaka inayomtoa mzazi sahani mezani Yesu hakuipokea, itakuwa ya mke na watoto?

Moto wa Madhabahu: Mama, kwa heshima zote, Hesabu 30. Mume anaweza kutangua nadhiri ya mke. Nionyeshe mstari ambao mke anatangua ya mume. Nasubiri.

Mama Efa: Hesabu 30 naijua, twende nayo. Mume anatangua siku ile ile aliyosikia. Akinyamaza siku ikapita, nadhiri imethibitika. Akigeuka baadaye, mstari wa 15, uovu wa mke anaubeba yeye. Mjane na aliyeachwa hawatanguliwi na mtu. Na Hanna, mama wa Samweli, aliahidi kumtoa mtoto, mtoto ambaye ni wa mumewe Elkana pia. Elkana akasema fanya uonavyo vema, akapanda naye Shilo na efa ya unga na divai. Wangapi wenu mna moyo wa Elkana? Halafu kama kilichoahidiwa ni nyumba wanayoishi, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 59, hakitoki bila ridhaa ya mwenzi. Nasubiri na mimi.

Msemahovyo: Hapa nimekuja na karanga. Ila wataalamu, mshahara "wote" ni ghafi au ule unaosoma kwenye simu?

Moto wa Madhabahu: Ghafi. Mungu hapewi mabaki ya serikali.

Mhasibu Mkristo: Mkuu Moto, piga hesabu kabla ya kutangaza. Mwajiri binafsi, mshahara wa msingi 800,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 80,000. Bodi ya mikopo, kwa aliyesoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ni 120,000. Kodi inakatwa kwenye 720,000: 270,000 za kwanza hazikatwi, 250,000 zinazofuata kwa asilimia 8 ni 20,000, na 200,000 za juu kwa asilimia 20 ni 40,000. Jumla ya makato 260,000, mkononi 540,000. Ukimdai 800,000, zile 260,000 anakopa. Sasa hiyo ni nadhiri au mkopo wa kausha damu?

Moto wa Madhabahu: Imani haina kikokotoo. Ndiyo maana makanisa yenu yamepoa.

Katekista wa Kigango: Wapendwa, punguzeni moto (sio wewe Moto). Kwetu jambo hili lina utaratibu, kanuni 1191 hadi 1198 za sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983. Nadhiri ni ahadi kwa Mungu ya jambo jema linalowezekana, tena lililo bora zaidi, itolewe kwa hiari na kwa kufikiri. Iliyotolewa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, au kwa hila, ni batili tangu mwanzo. Sharti lisipotimia, imekoma. Mhusika mwenyewe anaweza kuibadilisha kwa jema lililo sawa au kubwa zaidi. Akitaka kushusha, aende kwa paroko: ana mamlaka ya kumwondolea kwa sababu ya haki, mradi haki ya mtu mwingine isiumizwe. Wengi wanashindwa kwa sababu ya jinsi walivyotamka: hawakutaja kiasi wala tarehe, na wameahidi mali yenye wenyewe wengine, shamba la ukoo kwa mfano. Ninavyowashauri watu: andika kitu gani, kiasi gani, mwisho lini, mwambie mwenzako, lala usiku mmoja, ndipo utamke.

KitiChaNyuma: Hapo kwenye hofu umegusa penyewe. Julai 1505 radi ilimkuta Martin Luther, aliyekuja kuanzisha Matengenezo ya Kanisa, karibu na Stotternheim, Ujerumani, akapiga kelele kwamba atakuwa mtawa. Aliingia kweli. Baba yake hakukubali kwamba sauti ile ilikuwa ya Mungu. Mwaka 1521 Luther akaandika dhidi ya nadhiri za kitawa, 1525 akaoa. Mkesha wenye spika nane na kinanda kisichonyamaza hauko mbali na ile radi.

Katekista wa Kigango: Kaka, umeanza vizuri ukamalizia kwa watawa wetu. Paulo alinyoa kichwa Kenkrea kwa nadhiri, Matendo 18:18. Naye alikuwa kwenye radi?

KitiChaNyuma: Sikuwagusa watawa. Nimegusa spika.

Mama Efa: Na sadaka ya nadhiri, Walawi 7:16, nyama yake ililiwa na mtoaji, siku ile na kesho yake, ya siku ya tatu ikachomwa. Familia ilishiba. Leo mtoaji anarudi nyumbani na nini?

Moto wa Madhabahu: Anarudi na baraka. Mbona Walawi 27 hamuitaji? Mwanamume wa miaka 20 hadi 60 shekeli 50, mwanamke 30. Bei ziliandikwa, hakuna cha paroko.

Mhasibu Mkristo: Shuka hadi mstari wa 8. Akiwa maskini kuliko hesabu hiyo, kuhani anamkadiria kwa uwezo wake. Kikokotoo hicho hapo, na kimo kwenye Torati.

Mwanajimbo: Jamani, niliuliza kama Mungu naye anajitoa. Ni KitiChaNyuma peke yake aliyenijibu, naye akahamia kwenye radi.

Moto wa Madhabahu: Hajitoi. Ila atamdai.

Mama Efa: Kwanza unijibu ya Elkana.

Msemahovyo: Mhasibu, na posho ya nauli nayo inaingia kwenye malimbuko?